MGENI NA UJIRA WA MWENYEJI

Mara tu ajapo mgeni kutafuta kazi, husikika manung'uniko kwamba ujira umeshuka kwa sababu yake, na kwamba akiondolewa mambo yatatengenea. Ndugu wasomaji, haitupasi kulikubali neno hili wala kulikataa kabla ya kulipima. Nasi twalipima kwa habari ya Marekani, ambako lilijaribiwa.

Mwaka 1942, wakati wa vita, Marekani ilipatana na Mexico iletewe vibarua wa mashambani, walioitwa braceros. Mwaka 1956 peke yake waliingia zaidi ya 400,000. Watu wengi walisema kuwa hao ndio washushao ujira wa wenyeji. Basi mwisho wa mwaka 1964 mpango ule ukafungwa, kwa tumaini kwamba mwenyeji sasa atalipwa vyema.

Je, ikawa hivyo? Mwaka 2018 wataalamu Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel walitoa uchunguzi wao. Walilinganisha majimbo yaliyokuwa na vibarua hao wengi na yale yasiyokuwa nao, wakaona kwamba ujira wa mashambani haukupanda upesi zaidi kule walikoondolewa. Wenye mashamba walitumia mashine, au waliyaacha mazao yatakayo mikono mingi.

Huko California mashine ya kuvuna nyanya za viwandani ilienea kwa miaka michache tu. Bei yake ilikuwa kubwa, na mkulima mdogo hakuimudu. Wakulima wa nyanya hizo, waliokuwa wapata 4,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walibaki wapata 600 mwaka 1973. Mgeni alikwisha kwenda zake, na mnyonge mwenyeji naye akapoteza shamba.

Hatusemi kwamba vibarua wageni hawawezi kamwe kupunguza ujira. Lakini bracero alifungwa na mkataba kwa mwajiri mmoja. Na katika miaka ya mwanzo alikatwa asilimia 10 ya ujira wake iwe akiba, ambayo wengi hawakuipata. Palipo na mtu wa kudhulumiwa hivyo, nani atamtafuta mwenyeji adaiye haki yake?

Dini yetu imeamrisha mwajiriwa alipwe kwa ukamilifu na bila kucheleweshwa, wala haikubagua mgeni na mwenyeji. Basi mwenye duka au shamba miongoni mwetu na ampe mgeni ujira uleule ampao jirani yake. Hapo hapatakuwa na faida kumchagua mtu kwa unyonge wake.