Sifa za Kiafya za Mtu Binafsi na Maambukizi ya UVIKO-19: Tatizo la Uteuzi wa Waliopimwa

Tangu miezi ya mwanzo ya janga la UVIKO-19, watafiti walijaribu kubaini uhusiano uliopo baina ya maambukizi na sifa za kiafya za mtu binafsi, kama vile umri, unene uliokithiri, kisukari na uvutaji wa sigara. Mara nyingi maswali mawili yalichanganywa: nani huambukizwa, na nani huugua sana au kufa akishaambukizwa. Maambukizi hutegemea kwanza mtu kukutana na kirusi kupitia kazi, makazi na usafiri. Ukali wa ugonjwa hutegemea zaidi hali ya mwili wake.

Mkanganyiko huo ulizidishwa na namna watu walivyopimwa. Nchini Uingereza, kuanzia Machi 12, 2020, upimaji katika jamii ulisitishwa na vipimo vikaelekezwa zaidi kwa wagonjwa waliolazwa, na baadaye kwa watumishi wa afya. Hivyo, kupimwa kwenyewe kulitokana na ugonjwa na pia na sifa nyingine za mtu. Mvutaji sigara mwenye kikohozi cha muda mrefu angeweza kupimwa bila kuwa na kirusi, ilhali mtumishi wa afya asiyevuta alipimwa kwa sababu kazi yake ilimweka karibu na wagonjwa. Miongoni mwa waliopimwa pekee, uvutaji ungeonekana kuwa kinga, hata kama katika jamii nzima hauna athari hiyo. Hifadhidata ya UK Biobank ina tatizo linalofanana: iliandikisha watu wapatao 500,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 69 kati ya 2006 na 2010, lakini ni takribani asilimia 5.5 tu ya walioalikwa walioitikia, nao walikuwa na afya bora kuliko wananchi kwa jumla.

Tatizo la pili ni la uchambuzi. Utafiti wa OpenSAFELY, uliochapishwa mwaka 2020, ulichunguza rekodi za watu wazima 17,278,392 wa Uingereza, ambao 10,926 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu zinazohusiana na UVIKO-19. Baada ya kudhibiti umri na jinsi pekee, uwiano wa hatari ya kifo kwa wavutaji ulikuwa 1.14, vigeu vyote vilipoingizwa, ulishuka hadi 0.89. Miongoni mwa vigeu hivyo ni magonjwa sugu ya mfumo wa hewa, ambayo sigara yenyewe huyasababisha. Kuyadhibiti ni kuondoa sehemu ya madhara yanayotafutwa. Kwa hiyo, takwimu ya 0.89 haithibitishi kwamba sigara hukinga.

Hoja hizi zina uzito pia Afrika Mashariki, ambako watu wengi wenye kisukari hawajawahi kugunduliwa. Katika mazingira hayo, sifa iliyoandikwa kwenye faili la mgonjwa hudokeza pia uwezo wake wa kufika kliniki. Mtafiti anapaswa, kabla ya kukokotoa uwiano wowote, kueleza nani aliingia katika sampuli na kwa njia gani, kisha kutenganisha kigeu kinachotangulia kihatarishi na kile kinachotokana nacho. Pasipo hatua hizo, ukubwa wa sampuli hauondoi kosa; hulifanya tu lionekane kuwa la uhakika zaidi, na gharama yake humwangukia mgonjwa anayeshauriwa kwa msingi wake.