Dereva mpya: barua ya LC1 pekee haitoshi

Wamiliki wa malori jijini Kampala huajiri kwa haraka. Mzigo umefika Mombasa, dereva aliyekuwepo ameacha kazi, na mtu anayejulikana na rafiki wa rafiki anakuja na leseni pamoja na barua ya mwenyekiti wa LC1. Kesho yake amekabidhiwa trela na kontena la futi 40 kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,100.

Hasara inayoweza kutokea si mafuta yanayonyonywa njiani tu. Mzigo wa transiti husafiri chini ya dhamana ya forodha. Ukishushwa na kuuzwa kabla ya kufika unakokwenda, kodi yake hudaiwa kwa aliyeweka dhamana, hata kama dereva amekwishatoroka. Tangu mwaka 2014 Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) imekuwa ikitumia lakiri za elektroniki kufuatilia mizigo, na mwaka 2017 mfumo huo ukaunganishwa na ule wa Kenya na Rwanda. Lakini lakiri huonyesha lori liliko. Haimwambii tajiri ni nani ameshika usukani.

Barua ya LC1 huthibitisha makazi, basi. Kwa rekodi ya makosa, mwombaji huchukuliwa alama za vidole na kupewa cheti cha tabia njema na ofisi ya Interpol ya polisi ya Uganda, jijini Kampala. Aliyewahi kuishi Kenya aombe pia cheti cha huko, kinachotolewa na idara ya upelelezi, DCI, kwani dereva wa njia hii huenda alifanya kosa lake upande wa pili wa Malaba.

Hata hivyo, vyeti hivyo vina pengo kubwa. Madereva wengi wanaoiba hawafikishwi mahakamani. Hufukuzwa kimya kimya, na mwezi unaofuata wako kwa tajiri mwingine wakiwa na cheti safi kabisa. Kwa hiyo hatua yenye faida kuliko zote ni ile inayorukwa: kumpigia simu mwajiri wa zamani. Namba itafutwe kwenye kampuni yenyewe, si ile iliyoandikwa na mwombaji, maana inaweza kupokewa na shemeji yake. Aulizwe tarehe za kazi, njia alizoendesha, na kama angemwajiri tena. Swali hilo la mwisho hujibiwa kwa ukimya mara nyingi, na ukimya huo nao ni jibu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuomba cheti cha utumishi anapoondoka. Sababu ya kuachishwa huandikwa pale tu anapoomba mwenyewe, hivyo cheti hicho hakichukui nafasi ya simu.

Leseni nayo ithibitishwe kwa waliyoitoa, pamoja na daraja lake: anayeruhusiwa kuendesha lori dogo si lazima aruhusiwe kuvuta trela.

Aidha, tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Mwajiri amtake mwombaji asaini idhini kwanza, na majibu yasisambazwe kwenye makundi ya simu. Anayekataa kusaini aulizwe sababu kabla ya kukataliwa. Wengine huogopa tu kwamba tajiri wa sasa atajua wanatafuta kazi. Huyo anaweza kuahidiwa kwamba simu itapigwa baada ya kukubaliana mshahara, kabla ya kukabidhiwa funguo.