Je, Wajua? Herufi Tatu Zinazoamua Nani Ale Hasara Mzigo Ukizama

Je, wajua kwamba muuzaji anaweza kukudai bei kamili ya mzigo huku akijua fika kwamba mzigo wenyewe umelala chini ya bahari?

Machi 1917, meli ya Kimarekani iitwayo Algonquin ilikuwa njiani kutoka New York kwenda London ilipozamishwa na nyambizi ya Wajerumani. Ndani yake mlikuwamo wanga na sharubati ya mahindi, bidhaa zilizouzwa kwa mnunuzi wa Uingereza kwa masharti ya CIF, yaani bei ya bidhaa, bima na nauli. Muuzaji alizipata habari za kuzama. Hata hivyo alimpelekea mnunuzi karatasi zake na kudai alipwe. Mnunuzi akagoma, wakafikishana mahakamani London. Jaji McCardie akaamua kwamba kuzama kwa meli, na hata muuzaji kujua kuwa imezama, hakukumzuia kuwasilisha hati na kudai fedha. Anayenunua kwa CIF hununua bidhaa pamoja na karatasi: hati ya shehena inayompa haki ya kumdai mwenye meli, na hati ya bima inayompa haki ya kudai fidia. Mzigo ukipotea, karatasi zinabaki.

Kichekesho ni kwamba muuzaji huyo alishindwa kesi. Hakushindwa kwa sababu ya nyambizi, bali kwa sababu hati ya bima aliyotegemea ilijumuisha pia bidhaa nyingine ambazo hazikuwa za mnunuzi yule. Karatasi haikunyooka, basi na deni likaanguka.

Je, wajua kwamba Waafrika Mashariki wengi hukutana na herufi hizi kwa mara ya kwanza wanapotafuta gari la mtumba kutoka Japani? Tovuti za wauzaji huonyesha bei mbili. FOB Yokohama ni bei ya gari likiwa limeshapakiwa melini huko huko Japani. Ya pili, CIF Mombasa au CIF Dar es Salaam, imejumlisha bima na nauli ya meli hadi bandari hiyo. Mnunuzi huiona ile ya pili ni kubwa zaidi, akavuta pumzi na kujiambia kwamba angalau mpaka Dar es Salaam gari ni la muuzaji.

Hapo ndipo watu wanapojikwaa, na kama kuna jambo moja la kukumbuka katika habari hii yote, ni hili. Chini ya CIF muuzaji hulipa nauli hadi Dar es Salaam, lakini hatari inakuwa ya mnunuzi tangu gari linapopakiwa Yokohama. Likilowa maji ya chumvi katikati ya Bahari ya Hindi, limelowa likiwa mikononi mwako. Muuzaji amekulipia nauli tu. Hakukuahidi kwamba gari litafika. Ukitaka akuahidi hivyo, inabidi mkubaliane masharti ya kundi linaloanza na herufi D, kwa mfano DAP, ambapo hatari inabaki kwake hadi mzigo ufike mahali palipotajwa. Kwa hiyo herufi hizi hugawa vitu vitatu tofauti: gharama, kazi na hatari. Katika kundi la C, gharama na hatari haziachani na muuzaji mahali pamoja.

Je, wajua kwamba bima iliyo ndani ya CIF ni ile ya kiwango cha chini kabisa? Kanuni za kimataifa za herufi hizi zinamtaka muuzaji akate bima ya asilimia 110 ya bei, yaani mzigo wa dola 10,000 ukatiwe bima ya dola 11,000. Inapendeza kwa hesabu. Lakini aina ya bima inayotosha ni ile waitayo daraja C, inayohusu majanga makubwa: moto, kuzama, kukwama, kugongana. Wizi haumo. Mzigo ukidondoka kreni ikiupakia au kuupakua, hilo nalo halimo. Redio ikinyofolewa na tairi la akiba likipotea njiani, usitegemee bima hiyo. Anayetaka kinga pana lazima aiombe na ailipie. Ajabu ni kwamba CIP, ndugu wa CIF anayetumika kwa usafiri wa aina yoyote, tangu mwaka 2020 anadai bima ya daraja A, ambayo ni pana kuliko zote. Wafanyabiashara wa nafaka, mafuta na madini walitaka CIF ibaki na bima nafuu, wakasikilizwa.

Kenya ina mkasa wake hapo. Tangu Januari 2017 waagizaji wametakiwa kukata bima ya mizigo ya baharini kwa kampuni za nchini. Anayenunua kwa CIF, ambamo bima imekatwa ng'ambo, anajikuta akilipia bima mara mbili. Dawa yake ni CFR: nauli juu ya muuzaji, bima juu yako.

Nani alizitunga kanuni za herufi hizi? Chama cha Kimataifa cha Biashara, ICC, chenye makao Paris, kilichoanzishwa mwaka 1919, baada tu ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kilichunguza maneno sita ya biashara katika nchi 13, kikagundua kwamba neno lile lile lilibeba maana tofauti kila bandari. Kanuni za kwanza zikatoka 1936 kwa jina la Incoterms. Zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Toleo linalotumika sasa ni la 2020 na lina masharti 11. Si sheria ya nchi wala mkataba wa mataifa. Zinafanya kazi kwa sababu pande mbili zimeziandika kwenye mkataba wao, na ndiyo maana bado unaweza kukubaliana na mwenzako mtumie toleo la 2010 mkipenda.

FOB na CIF zenyewe ni kongwe kuliko ICC. Mahakama za Uingereza zilikuwa zikizijadili tangu karne ya 19. Zamani haja ya herufi hizi ilikuwa ndogo kwa sababu mfanyabiashara alisafiri na mali yake. Kwenye majahazi ya Ghuba jambo hilo liliendelea hadi karne ya 20: mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers alimshuhudia nahodha Mkuwaiti akipakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji ili akaziuze mwenyewe huko Ghuba. Mnunuzi, mchukuzi na muuzaji akiwa mtu mmoja, hatari haina pa kuhamia.

Je, wajua kwamba kwa miongo mingi hatari ilihama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi hewani, mzigo ukining'inia kwenye winchi? Kanuni ya FOB ilisema hatari inahama mzigo unapovuka ukingo wa meli. Ukianguka upande wa gati, hasara ya muuzaji. Ukianguka upande wa deki, ya mnunuzi. Tofauti ni unene wa ukuta ambao haupo. Mwaka 1954 Jaji Devlin wa London alipata kesi iliyoonyesha ugumu wake: gari la zimamoto lililokuwa likipakiwa kwenda India liliinuliwa, likaanguka kabla ya kuvuka ukingo. Jaji huyo alifanyia mzaha wazo la kuhamisha wajibu wa watu kwa kufuata mzigo unaobembea. Mzaha huo ulichukua zaidi ya nusu karne kusikika. Toleo la 2010 ndilo lililoufuta ukingo na kusema hatari inahama mzigo ukiwa umeshatua ndani ya meli.

Wakati huo kontena lilikuwa limeshaleta tatizo jingine. Muuzaji wa kontena halipeleki kwenye winchi. Analikabidhi kwenye yadi ya bandari, nalo hukaa hapo siku kadhaa likisubiri meli. Kama ameuza kwa FOB, hatari ni yake siku zote hizo, ingawa hana hata ufunguo wa geti. ICC imeshauri mara nyingi kwamba kwa makontena itumike FCA, ambapo hatari inahama pale pale kontena linapokabidhiwa kwa mchukuzi. Ushauri wenyewe ni mzuri, lakini mazoea ni mazoea: makontena yanaendelea kuuzwa kwa FOB. Sababu mojawapo ni benki, ambazo zikilipa kwa barua ya dhamana hutaka hati inayosema mzigo umeshapakiwa melini. Toleo la 2020 liliweka njia: mnunuzi anaweza kumwagiza mchukuzi ampe muuzaji hati hiyo baada ya kupakia, hata chini ya FCA.

Mazoea hayo hayo yapo Kampala. Mwaka 1953 kanuni ziliongezewa masharti ya reli, FOR na FOT, na mwaka 1990 yakaondolewa. Lakini wauza kahawa wa Uganda wameendelea kunukuu bei ya FOT Kampala, yaani kahawa ikiwa imeshapakiwa kwenye gari hapo hapo mjini. Usiwacheke. Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100, na anayenukuu FOB Mombasa anajibebesha safari yote hiyo, mizani, mpaka na maegesho ya malori.

Je, wajua kwamba katika EXW, sharti rahisi kuliko yote kwa muuzaji, hata kupakia mzigo kwenye lori lako si kazi yake? Anauweka tayari ghalani kwake, basi. Kibali cha kusafirisha nje unatafuta wewe, katika nchi ambayo huenda huna ofisi wala namba ya mlipakodi. Kwa maoni yangu bei ya EXW ni ya kulinganishia tu, si ya kusainia. DDP iko upande wa pili kabisa: muuzaji anabeba kila kitu, pamoja na ushuru na kodi za kuingiza nchini kwako. Inavutia, lakini kwa muuzaji asiyesajiliwa nchini ni vigumu kujitokeza forodhani kama mwagizaji, na mara nyingi mzigo unakwama huku gharama za kutunza zikipanda.

Na Mmarekani akikuandikia FOB, muulize anamaanisha nini. Ndani ya Marekani herufi hizo hutumika hata kwa malori na treni, na zinaweza kumaanisha mahali mzigo unapoondokea au unapofikia. Katika Incoterms FOB ni ya meli peke yake.

Je, wajua kwamba unalipia ushuru hadi nauli ya meli? Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, thamani ya kutozwa ushuru huhesabiwa kwa CIF. Tuseme bidhaa ni dola 10,000, nauli na bima dola 2,000, na ushuru ni asilimia 25. Utalipa dola 3,000, siyo 2,500. (Magari ya mtumba yasikuchanganye, hayo yana majedwali yake ya bei.) Marekani, kinyume chake, haihesabu nauli ya kimataifa. Kwa hesabu hiyo ya CIF, nauli za makontena zilipopanda mara kadhaa mwaka 2021, mwagizaji wa Mombasa na wa Dar es Salaam aliumia mara mbili: kwa mwenye meli na kwa forodha, ingawa kiwango cha ushuru kilikuwa kile kile. Sheria hiyo hiyo ya Afrika Mashariki ina dirisha dogo ambalo wengi hawalijui: mzigo ukija kwa ndege, nauli ya ndege haijumlishwi.

Herufi hizi zinapotosha hata hesabu za dunia. Takwimu za kimataifa kwa kawaida huandika mauzo ya nje kwa FOB na uagizaji kwa CIF. Matokeo yake, ukijumlisha nchi zote, dunia huonekana imenunua kuliko ilivyouza, kana kwamba kuna sayari nyingine inayotuletea mizigo. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni nauli na bima tu.

Tumalizie na Mfereji wa Suez. Meli ya makontena ya Ever Given ilipokwama katika mfereji huo Machi 2021, mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, desturi ya kale ya baharini ambayo kila mwenye mzigo huchangia gharama za kuiokoa meli. Mizigo ikashikiliwa Misri hadi Julai. Wenye mali walitakiwa watoe dhamana kabla ya kukabidhiwa makontena yao, hata kama vitu vyao havikuguswa na tone la maji. Bima hulipia mchango huo, na ile ya daraja C pia. Aliyekuwa hana bima alitakiwa aweke fedha taslimu.

Kwa hiyo, msomaji unayeagiza hata kontena moja, usiridhike na herufi tatu peke yake. Andika mahali kamili na toleo la kanuni, kwa mfano "FCA Yokohama, yadi fulani, Incoterms 2020". Kisha andika kando lini umiliki unahama na malipo yatafanyika vipi, kwa sababu hayo mawili Incoterms haziyagusi.