Kijana wa Sotik na safari ya kujitolea ng'ambo: Ya kujua kabla ya kufunga virago

MGENI siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo walivyonena wahenga, na methali hiyo yafaa iwe somo la kwanza kwa mwanafunzi wa chuo anayetaka kwenda nchi ya kigeni kutoa huduma ya kujitolea, kwani yeye ni mgeni anayeomba jembe tangu siku ya kwanza.

Katika eneo la Sotik, kaunti ya Bomet, wakazi wamemzoea mhudumu wa kujitolea kama mtu ajaye kutoka mbali. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishonari mwaka wa 1937 karibu na mji wa Bomet, imepokea kwa miongo mingi madaktari wa kujitolea kutoka Marekani na kwingineko.

Kadhalika, shule nyingi za Harambee nchini zilipata walimu wa sayansi na hisabati kupitia Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani lililoasisiwa mwaka wa 1961. Zaidi ya watu 5,000 walihudumu nchini Kenya chini ya shirika hilo kuanzia miaka ya sitini hadi liliposimamisha shughuli zake mwaka wa 2014 kwa sababu za kiusalama.

Siku hizi njia hiyo inapitika pande zote mbili. Kijana aliyekulia kwenye mashamba ya majani chai anaweza kujikuta akiwahudumia wazee mjini Berlin, au akifanya kazi ya takwimu za afya katika nchi nyingine ya Afrika.

Hata hivyo, penye urembo ndipo penye ulimbo. Matumaini hayo hayo ndiyo yanayowavutia matapeli, na katika nchi ya chai wao wanajua vyema msimu wa kubisha hodi: ni pale bonasi ya KTDA inapoingia katika akaunti za wakulima, aghalabu mwezi wa Oktoba.

Ndiposa swali la kwanza ambalo mwanafunzi na wazazi wake wanapaswa kuuliza ni hili: Nani anamlipia nani, na kwa ajili gani?

NANI HULIPA?

Kuna mipango ya aina tatu, na kila mmoja una hesabu yake.

Aina ya kwanza ni ile ambayo gharama kuu hubebwa na shirika au serikali. Mfano ni UNV, mpango wa Umoja wa Mataifa wa watu wa kujitolea ulioundwa mwaka wa 1970 na ambao makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Vijana wa miaka 18 hadi 26 wana kundi lao katika mpango huo.

Anayeteuliwa kwenda nchi nyingine hupewa nauli, bima ya matibabu na posho ya kujikimu. Posho si mshahara; ni fedha za kodi ya nyumba, chakula na mahitaji ya kila siku. Kujiandikisha kwenye tovuti ya UNV hakulipishwi hata senti moja.

Umoja wa Afrika nao ulizindua kikosi chake cha vijana wa kujitolea mwaka wa 2010. Kikosi hicho huwachukua vijana wa miaka 18 hadi 35 wenye masomo ya baada ya sekondari, na kuwapeleka katika nchi nyingine ya Afrika kwa muda wa mwaka mmoja.

Ujerumani ina mpango uitwao weltwärts, ulioanza mwaka wa 2008 kwa kuwatuma vijana wa Kijerumani katika nchi zinazostawi. Tangu mwaka wa 2013 mpango huo umekuwa pia ukiwapokea vijana kutoka nchi hizo, Kenya ikiwemo, ili wahudumu nchini Ujerumani. Hupewa makao, chakula, fedha kidogo za mfukoni na bima, na huhudhuria semina katika kipindi chao cha huduma.

Aina ya pili ni kambi za kazi za muda mfupi, za wiki mbili au tatu. Asili yake ni mwaka wa 1920, pale Mswisi Pierre Cérésole alipowakusanya vijana wa mataifa yaliyotoka kupigana ili wajenge upya kijiji cha Esnes, karibu na Verdun, Ufaransa. Kambi hizi ni za halali, lakini mshiriki hujilipia nauli na mara nyingi hutoa ada ya kambi. Mzazi anapaswa kulijua hilo mapema, kwa sababu tiketi ya ndege yaweza kumeza bonasi ya mwaka mzima kwa ajili ya siku ishirini za kazi.

Aina ya tatu ni biashara iliyovikwa joho la huduma. Hapa wakala huomba "ada ya kushughulikia", kisha "ada ya viza", kisha "ada ya dharura", na kila ada ikilipwa nyingine huzaliwa.

DALILI ZA ULAGHAI

Wakazi wa Bonde la Ufa hawahitaji kwenda mbali kutafuta funzo. Mwaka wa 2023 wazazi na wanafunzi wa Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai kurudishiwa fedha walizolipa ili vijana wao wapelekwe kusoma Finland na Canada kupitia mpango uliosimamiwa na kaunti. Suala hilo lilifikishwa mahakamani. Ingawa safari hiyo ilikuwa ya masomo wala si ya kujitolea, uchungu wa mzazi aliyeuza ng'ombe ni ule ule.

Kuna hatari kubwa kuliko ya kupoteza fedha. Mwaka wa 2022 serikali ya Kenya ililazimika kuwaokoa vijana walioahidiwa kazi nchini Thailand, lakini wakavushwa hadi Myanmar na Laos na kulazimishwa kufanya ulaghai wa mtandaoni.

Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu imeweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili. Lakini sheria humkuta mkosaji baada ya kosa. Kinga ni kazi ya msafiri mwenyewe.

Dalili za kutilia shaka ni hizi. Shirika halina ofisi wala anwani inayoweza kuthibitishwa. Fedha zinatakiwa zitumwe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Nafasi inatolewa bila mahojiano. Mkataba hauonyeshi kazi, mahali, saa wala msimamizi. Na kubwa zaidi, msafiri anaambiwa aombe viza ya utalii, "mengine yatatengenezwa huko huko".

Hili la viza si jambo dogo. Nchini Uingereza, kwa mfano, mgeni wa kawaida anaruhusiwa kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Atakayehudumu zaidi ya hapo huhitaji viza maalumu ya wahudumu wa mashirika ya hisani, ambayo haitolewi bila cheti cha udhamini kutoka kwa shirika lenyewe. Anayepuuza utaratibu huo aweza kufukuzwa nchini, na alama hiyo humfuata katika maombi yake mengine.

STAKABADHI NA MAJINA

Baada ya kuhakikisha kwamba nafasi ni ya kweli, mwanafunzi anapaswa kuanza kutafuta stakabadhi miezi mingi kabla ya safari.

Pasipoti huombwa kupitia mtandao wa eCitizen, na mwombaji huhitaji kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na mtu wa kumpendekeza. Kisha hufika mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji ili apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mkazi wa Sotik halazimiki kwenda Nairobi, kwani Kisii na Nakuru kuna ofisi za pasipoti.

Cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai nacho huombwa kupitia eCitizen. Mashirika mengi hukitaka, hasa kwa watakaofanya kazi na watoto.

Kikwazo ambacho wengi hawakitarajii ni majina. Miongoni mwa Wakipsigis, kijana huweza kuandikwa Kiprotich katika cheti cha kuzaliwa, akawa Rotich katika kitambulisho, na cheti cha mtihani kikachukua jina la tatu. Nyumbani kila mtu anajua kwamba huyo ni mtu mmoja. Afisa wa ubalozi hajui. Tofauti hizo zinafaa kurekebishwa rasmi mapema, maana zikigunduliwa wiki ya safari huwa maji yameshamwagika.

AFYA

Nchi nyingi hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo yenyewe hutakiwa kudungwa angalau siku 10 kabla ya kuingia nchi husika, na tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya mwenye nacho.

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa wakazi wa nyanda za juu. Kericho na viunga vyake vinajulikana na watafiti kama eneo ambako malaria huja kwa milipuko, tofauti na kando ya Ziwa Victoria ambako ugonjwa huo upo mwaka mzima. Kwa hivyo mtu mzima aliyekulia penye baridi hana kinga ya mwili kama ya jirani yake wa Kisumu.

Kijana wa aina hiyo akipelekwa Sierra Leone au Kongo, asijidanganye kwamba Mwafrika hahitaji chandarua wala ushauri wa daktari.

CHUO NA MKOPO

Mwanafunzi ambaye hajahitimu lazima aandikie chuo barua ya kuomba kuahirisha masomo, na asiondoke kabla ya kupata jibu la maandishi. Asiyefanya hivyo huhesabika kama aliyetoroka, na nafasi yake inaweza kupotea.

Aliyehitimu naye akumbuke deni la HELB. Kwa mujibu wa sheria ya bodi hiyo ya mwaka wa 1995, mkopo huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya masomo kukamilika. Posho ya kujikimu haitoshi kulipia deni, hivyo ni heri kuzungumza na bodi kabla ya kuondoka kuliko kurudi na kukuta faini zimerundikana.

KIKAO CHA JAMII

Pengine maandalizi magumu zaidi hayahitaji stakabadhi yoyote. Ni mazungumzo ya usiku mmoja jikoni, baina ya kijana na waliomsomesha.

Vijijini, "kwenda ng'ambo" humaanisha kutuma fedha. Mama aliyechuna majani chai alfajiri akiwa amefunikwa na umande ili alipe karo ana haki ya kutarajia nafuu. Wadogo wanaosubiri zamu yao shuleni nao wana haki hiyo. Akiambiwa tu kwamba mwanawe anaenda Ujerumani, ataanza kuhesabu mabati ya nyumba mpya.

Kijana asipoeleza wazi kwamba atapata posho ya kujikimu tu, mwaka wake wote utakuwa wa kukwepa simu za nyumbani. Wapo wanaoishia kuacha huduma na kutafuta vibarua kinyume cha masharti ya viza, si kwa uovu, bali kwa aibu ya kurudi mikono mitupu.

Ni heri ukweli usemwe mapema: kwamba faida ni ujuzi, lugha, marafiki na barua ya utumishi itakayomsaidia kutafuta kazi. Familia ikiona kwamba haiwezi kungoja mwaka mzima, basi kuahirisha safari si kushindwa. Ni heshima kwa waliomlea.

ANZA NYUMBANI

Mashirika makini humwuliza mwombaji: Umewahi kujitolea wapi? Anayejibu "bado" huanza akiwa nyuma.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, na Wapare wa Tanzania wana msaragambo. Kwa Wakipsigis, kokwet ndicho kikao cha majirani kinachoamua mambo ya ujirani wao.

Mwanafunzi wa Sotik ana uwanja wa mazoezi mlangoni pake. Mwendo mfupi kutoka mjini ndiyo mpaka wa Borabu, na mwanzoni mwa mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, Wakipsigis na Wakisii walishambuliana na nyumba zikateketezwa pande zote mbili. Kijana atakayevuka hadi upande wa pili kufunza watoto kusoma wakati wa likizo, miongoni mwa watu wa lugha nyingine, atakuwa ameshaonja nusu ya mambo yatakayomkabili ng'ambo: kuwa mgeni, kutoelewa kinachosemwa, na kuaminiwa polepole.

Asiye na nauli anaweza kujitolea kwa simu au kompyuta. UNV ina huduma ya kujitolea kupitia intaneti kwa walio na miaka 18 na zaidi, ambako mtu huweza kutafsiri, kuchora au kupanga takwimu akiwa kwao.

Ujuzi ndio huamua nani anahitajika. Ebola ilipowaua zaidi ya watu 11,000 huko Guinea, Liberia na Sierra Leone kati ya mwaka wa 2014 na 2016, Umoja wa Afrika ulituma mamia ya wahudumu wa afya wa kujitolea, wakiwemo Wakenya. Walichaguliwa kwa sababu walijua kazi, wala hakuna aliyewauliza kama wanapenda kusafiri.

Kwa hivyo mwanafunzi wa uuguzi amalize mafunzo yake ya wodini, wa kilimo ajue kupima udongo, wa ualimu ashike chaki. Moyo mkunjufu bila ujuzi huwa mzigo kwa wenyeji, ambao watalazimika kumlisha na kumfundisha.

Hatimaye, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aondokaye Sotik kwa stakabadhi halali, kwa ridhaa ya wazazi na bila deni lililofichwa, atakuwa na pa kurudi. Wale waliomwona akiondoka watataka kujua jambo moja tu akishakaribishwa chai: jembe alilopewa huko alilitumiaje, na je, amekuja nalo?