Consul: Maana, Sarufi na Tafsiri Yake

Nomino ya Kilatini consul (uhusika milikishi: consulis, wingi: consules) ni ya jinsia ya kiume, katika kundi la tatu la mnyambuliko wa nomino. Ina udugu na kitenzi consulere, “kushauriana, kutaka shauri”.

Katika Jamhuri ya Roma, consul kilikuwa cheo cha juu kabisa cha kuchaguliwa kila mwaka. Kwa mujibu wa mapokeo, kilianza mwaka 509 KK, baada ya wafalme kufukuzwa. Makonsuli walikuwa wawili, wakitumikia mwaka mmoja, na kila mmoja aliweza kuzuia uamuzi wa mwenzake. Waliitisha Seneti na kuongoza majeshi. Kwa hiyo “mfalme” au “rais” hayatoshelezi maana, kwani yote mawili hudokeza mtawala mmoja.

Warumi waliutaja mwaka kwa majina ya makonsuli wake. Cicerone et Antonio consulibus ni mwaka 63 KK. Majina na cheo vyote vimo katika uhusika ablativu, pasipo kitenzi. Mwanafunzi asitafsiri “na makonsuli Cicero na Antonius”, kana kwamba hao ndio watenda. Maana yake ni “Cicero na Antonius walipokuwa makonsuli”.

Maneno yaliyozaliwa nalo ni pamoja na consulatus, “ukonsuli”, na consularis, “-a kikonsuli”, ambalo pia humtaja aliyewahi kushika cheo hicho. Proconsul lilitokana na kirai pro consule, “badala ya konsuli”, nalo lilimhusu mtawala wa jimbo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version humwita Galio, prokonsuli wa Akaya, “liwali”. Neno hilohilo limetumiwa kwa Pilato, ambaye hakuwa prokonsuli. Msomaji huelewa kuwa wote walitawala, lakini tofauti ya vyeo vyao hupotea.

Mtego mkubwa zaidi umo katika lugha za leo. Katika Kiingereza na Kifaransa, consul humtaja pia ofisa anayewakilisha dola katika mji wa kigeni, yaani “balozi mdogo”. Tafsiri hiyo inafaa kwa habari za Zanzibar ya karne ya 19, walipokaa wawakilishi wa Uingereza na Marekani. Cicero, hata hivyo, hakuwa balozi mdogo wa yeyote. Panapohusika Roma ya kale, iandikwe “konsuli”, wingi “makonsuli”, kwa upatanisho wa ngeli ya A-WA: konsuli alichaguliwa, makonsuli walichaguliwa.