Sakafu ya kuanikia inayoshika maji

Ndugu wanamemba wa bonde la Ruzizi, mvua ikikatika mupite kwenye sakafu ya beto munapoanikaga mahindi. Kama maji yangali yamelala hapo, mahindi mutakayomwaga kesho yatavuta unyevu kutoka chini. Ya kuweka depo yanatakiwa yashuke hadi 13%. Yakizidi, kuvu inaingia, na kuvu nyingine huleta aflatoksini, sumu isiyoisha hata ukipika.

Kubomoa sakafu nzima ni kupoteza franga. Lakini hata sisi tulikosea mara ya kwanza: tulipaka sima nyembamba juu ya beto ya zamani, laini, yenye vumbi. Sezoni haijaisha, ikabanduka vipande vipande, mchanga ukaingia katika mahindi.

Sasa tunafanya hivi. Maji yakiwa bado, tunazungushia kila dimbwi alama ya mkaa. Fasi ikikauka, masoni anaichonga kwa nyundo na patasi mpaka ikwaruze mkono. Kwenye ukingo achimbe kama sentimita 1, juu ukingo mwembamba ndio unabandukaga kwanza. Tunaosha, tunapaka uji wa sima, na kabla haujakauka tunajaza mchanganyiko: sima ndoo 1, mchanga ndoo 3. Kwa ubao na nivo, tunauinamisha sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea maji yanakotokea.

Magunia yaliyolowa yakae juu siku 7. Hapa ndipo watu wanashindwaga kungoja. Basi mahindi yakae kwenye bashi. Kisha mwageni ndoo ya maji palepale. Yakisimama, murudilie mkaa.