Luseni, Itogolo, Mbuga: Kutafuta Njia ya Mbio ya Mwaka Mzima Mwanza

Mwezi wa Agosti, vijia vinavyokatiza mashamba nje ya jiji la Mwanza, upande wa Buhongwa na Misungwi, humpokea mkimbiaji kwa mikono miwili. Mpunga umeshavunwa, majaruba ni matupu, na ardhi ya katikati imekauka hadi inalia chini ya raba kama sakafu ya saruji. Mtu akikimbia hapo mwezi mzima huamini amemaliza kazi ya kutafuta njia. Kisha vuli inafungua. Novemba haijafika katikati, njia ileile inamvua kiatu, anabaki amesimama kwa mguu mmoja akichungulia shimo la tope mahali raba ilipozama.

Wengi humaliza msimu wao wa mazoezi hapo. Husema mvua imewazuia, kumbe mvua yenyewe ilidumu saa moja tu. Kilichowazuia ni ardhi waliyoichagua.

Hali ya hewa ya Mwanza, kwa kweli, ni rafiki wa mbio. Jiji limekaa kusini mwa Ziwa Victoria, mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za ubaridi ambao mkazi wa Dar es Salaam huutafuta asiupate. Mbio za Rock City Marathon zimekuwapo tangu 2009. Mwendo mfupi tu kutoka hapa, mkoani Mara, ziko kingo za Majita alikozaliwa Suleiman Nyambui, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hata leo, medali za Olimpiki za Tanzania ni mbili tu, yake na ya Filbert Bayi, aliyeipata mashindanoni hapohapo.

Kalenda ya mvua nayo haina siri. Vuli huanza Oktoba na kukolea Novemba na Desemba. Januari na Februari mvua hupungua bila kukatika. Masika hurudi kwa nguvu Machi na Aprili, hulegea Mei, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hupita bila kuacha kitu. Swali la mkimbiaji ni moja: katika kila kipindi, mguu uende wapi?

Ramani ya wakulima

Wasukuma walishaipima ardhi hii zamani, kabla mtu hajafikiria kukimbia juu yake. Mkulima anajua kwamba kilima kimoja kina udongo wa namna nyingi, kila mmoja na jina lake na zao lake. Juu, chini kidogo ya miamba, kuna luseni, mchanga mwepesi uliomong'onyoka kutoka kwenye mawe yenyewe. Ukishuka unakutana na itogolo, ambapo chini ya tabaka jembamba la mchanga kuna kitanda kigumu kisichopitisha maji. Bondeni kabisa iko mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi.

Wataalamu waliupa mpangilio huu jina la kisayansi baadaye. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtafiti wa udongo katika kituo cha Amani, Usambara, aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kwa sababu udongo wa kilele, wa mteremko na wa bonde umeshikana kama pete, na kinachoushikanisha ni maji yanayoteremka. Neno hilo hutumika hadi leo katika vyuo vya kilimo duniani kote.

Kwa mkimbiaji, mnyororo huu ni ratiba ya mwaka. Luseni hunywa maji haraka. Nusu saa baada ya mvua kubwa, mchanga wake umeshikana, haurushi tope na haukamati kiatu. Mguu unaacha alama ya kina cha kucha tu. Msimu wake ni masika na vuli. Kiangazi ndipo unapogeuka mzigo, kwa kuwa ukikauka hulegea, kila hatua inarudi nyuma kidogo, na misuli ya mashavu ya miguu inalalamika kabla ya kilomita ya tatu.

Itogolo ni kinyume chake. Kitanda kile kigumu huzuia maji yasizame, ndiyo maana wakulima hujenga majaruba juu yake na kupanda mpunga. Kiangazi ni uwanja safi. Mvua ikishanyesha ni bwawa. Mgeni asiyejua jina la udongo anaweza kutumia alama hii moja: akiona majaruba pande zote mbili za njia, ajue hiyo si njia ya Januari.

Mbuga ina hila kuliko zote. Mfinyanzi wake huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wakati wa mvua hung'ang'ania soli hadi kila kiatu kiwe na uzito wa tofali. Kiangazi kikikolea hupasuka nyufa zinazoweza kumeza nusu ya mguu, na nyasi kavu huziziba juu zisionekane. Vifundo vingi huteguka kwenye ardhi iliyokauka hivi, mkimbiaji akiwa ameshaondoa tahadhari. Mbuga hukimbilika kwa wiki chache tu, baada ya masika kukatika na kabla nyufa hazijafunguka, kwa kawaida mwezi wa Juni.

Mjini, maji yanapita wapi

Ndani ya jiji kuna lami, na lami haina msimu. Lakini Mwanza ni jiji lililojengwa juu ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mwamba haunywi maji. Mvua inayonyesha Bugando, Mabatini au Isamilo haina pa kuzama. Hukimbilia mabondeni ikipitia ngazi, vichochoro na mitaro, na sehemu kubwa huishia Mto Mirongo unaokatiza katikati ya mji kuelekea ziwani. Mirongo ukifurika, barabara za karibu yake hufunikwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, na mtaro wa wazi wa kando hauonekani tena ulipo. Mkazi mzoefu hakanyagi maji asiyoyaona chini yake, hata kama ni barabara anayopita kila siku.

Ndiyo maana rasi ya Capri Point hupendwa. Ukianzia karibu na kivuko cha Kamanga, penye mwamba maarufu wa Bismarck, ukapita jirani na stesheni ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, unaingia kwenye barabara tulivu inayopanda na kushuka, ziwa likiwa karibu pande zote. Ni rasi, hivyo maji ya vilima vya mjini hayaifikii, na yanayonyesha juu yake hukimbilia ziwani mara moja. Magari ni machache. Miinuko yake mifupi inatosha kumkomaza mtu anayejiandaa kwa nusu marathoni.

Anayetaka umbali mrefu hugeukia barabara ya uwanja wa ndege, kupitia Kirumba na Pasiansi, kilomita 10 hivi kwenda tu. Huko adui ni daladala na bodaboda. Kwa kuwa magari ya Tanzania hupita kushoto, mkimbiaji akae kulia, ayaone yakimjia. Ajue pia kwamba baada ya saa moja asubuhi bega la barabara linakuwa la wauza matunda, pikipiki zinazosubiri abiria na wanafunzi wanaokwenda shule.

Ngazi za mawe za vilimani ni zawadi ya jiji hili kwa mapafu. Jiwe la Mwanza ni la kukwaruza, hivyo hata likilowa hushika soli vizuri. Hatari yake ni ile chenga ya mchanga inayoachwa na maji ya mvua juu ya jiwe: ikikauka inafanya kazi ya gololi, na mtu anayeshuka kwa kasi hujikuta amekaa. Kupanda ni mbio. Kushuka ni kutembea.

Ziwa nalo lina misimu yake

Kila mgeni Mwanza hutamani kukimbia kando ya maji. Asichokijua ni kwamba ukingo haukai mahali pamoja. Kwa kipimo cha Jinja, Uganda, Ziwa Victoria lilipanda hadi mita 13.41 Mei 1964, na rekodi hiyo ikadumu zaidi ya nusu karne. Mwaka 2006 maji yalikuwa chini kuliko yalivyowahi kuonekana kwa miongo mingi. Kisha Mei 2020 yakafika mita 13.42, na 2024 yakapanda zaidi ya hapo. Pale ambapo ufuko umelala kwa mteremko mdogo, mita moja ya kina inameza makumi ya mita za mchanga. Njia iliyokuwa ya ng'ombe na wavuvi inaweza kukaa chini ya maji si kwa msimu mmoja, bali kwa miaka.

Kuna kalenda nyingine, ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa kiza, wakati mwanga wa mwezi haushindani na karabai. Siku hizo mialo huamka kabla ya jua: mitumbwi inashusha, wanawake wanatandaza dagaa mchangani au kwenye vichanja, wachuuzi wanapigania bei. Mkimbiaji hana nafasi hapo, na kukanyaga dagaa wa mtu ni kumkanyagia ada ya mtoto. Mbalamwezi ikiingia, wavuvi wengi hupumzika na mchanga unabaki mtupu. Anayependa kukimbia ufukweni huuangalia mwezi kwanza, kisha ndipo apange wiki yake.

Penye matete pana wenyewe. Viboko hutoka majini usiku kula majani na hurejea kunapopambazuka, saa ileile wapenda mbio wanapoamka. Wavuvi wa mahali ndio wanaojua njia zao, na kuwauliza hakugharimu kitu.

Baada ya mbio kuna kishawishi cha kuosha tope ziwani. Kichocho huenezwa na vijidudu vinavyotoka kwenye konokono wa maji ya pembezoni, hasa jua likiwa limetoka, na vinapenya ngozi kwa dakika chache. Ndoo ya maji ya bomba nyumbani ni salama zaidi kuliko mawimbi ya kuvutia mbele ya macho.

Saa ya Mwanza

Mtu aliyehamia kutoka Dar es Salaam hutega kengele ya saa 12 kamili asubuhi kama alivyozoea, akafungua mlango na kukuta usiku. Tanzania nzima hutumia saa moja, inayofuata nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata hauigusi ardhi ya nchi. Mwanza iko mbali magharibi yake, hivyo jua huchelewa hapa kwa wastani wa dakika 25 ukilinganisha na Dar. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza kama saa 12:25 asubuhi. Februari na Julai hungoja hadi saa moja kasoro dakika tano. Dakika hizo za giza ndizo za mitaro iliyo wazi na bodaboda zisizo na taa. Fidia yake huja jioni: Februari jua huzama baada ya saa moja, na barabara ya Capri Point bado ina mwanga wakati Dar taa zimeshawashwa.

Radi nayo ina ratiba. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, unakutana katikati kutoka pande zote, na mawingu makubwa huzaliwa juu ya maji. Mchana upepo hugeuka, na ngurumo huhamia nchi kavu alasiri. Katika miezi ya mvua, kwa hiyo, kabla ya kutoka alfajiri mtu hutazama ziwani kwanza. Akiona mwanga, ahesabu sekunde hadi asikie mlio, agawe kwa tatu. Hizo ni kilomita. Zikiwa chini ya kumi, miamba ya juu na ufuko wazi si pa kuwapo.

Ukiyajumlisha yote, njia moja ya mwaka mzima haipo, lakini shina moja lenye matawi lipo. Shina ni kipande cha lami kisichofurika, karibu na nyumbani, ambacho mtu anaweza kukikimbia siku yoyote. Matawi hufunguliwa na kufungwa: luseni ya mteremkoni kwa miezi ya mvua, itogolo kwa kiangazi, mbuga kwa Juni, ufuko kwa mbalamwezi. Kuyapata hakuhitaji simu wala kifaa cha mkononi. Inatosha kuyatembelea mara mbili: siku moja baada ya mvua kubwa, na siku moja mwishoni mwa kiangazi, ukiwa na muda wa kumsalimu mkulima na kumwuliza udongo wa hapo unaitwaje.

Novemba ikirudi, mkimbiaji yule wa vijia vya Buhongwa hufika penye mgawanyiko wakati bado matone yanadondoka kwenye majani. Kushoto, kijia cha Agosti kinang'aa kwa maji, na vyura wameshakitwaa. Kulia, njia ya kichangani inapanda kuelekea miamba. Mama mmoja anateremka nayo, ndoo kichwani, nyayo zake zimechora mstari mwepesi mchangani. "Mwangaluka," anasema. Mkimbiaji anaitikia, anageuka kulia, na kuanza kupanda akizifuata nyayo hizo kuelekea zilikotoka.